Mti wa mjini unaumwa: anzia chini, usianzie duka la dawa

Kitalu changu cha miche kiko bondeni hapa Arusha, karibu na mto Themi, na simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Mama, mti wangu unaumwa, nitajie dawa." Dawa siitaji mpaka niulize kwanza, na swali langu la kwanza halihusu mti wenyewe. Nauliza: hapo chini pamefanyika nini tangu mwaka juzi? Watu hushangaa. Baba mmoja wa Sekei alinijibu kwa ukali kidogo kwamba mti umeanza kukauka wiki iliyopita, mambo ya mwaka juzi yanaingiaje hapo.

Yanaingia sana. Mbuzi akiumizwa leo analia leo. Mti ukikatwa mizizi leo unaishi kwa akiba iliyomo shinani, unachanua kama kawaida, pengine hata mara mbili, ndipo unaanza kukauka. Wakati huo aliyekata ameshalipwa na kwenda zake.

Nimepanga mwongozo huu kwa malalamiko yenyewe, kama yanavyonifikia. Wadudu na kuvu wamo, ila ni wachache kuliko mnavyodhani. Miti mingi ninayoitwa kuiona, kuanzia Sakina hadi Njiro, inaumwa watu. Vifaa vyangu ni vinne: kisu kidogo, nyundo ya mbao, kipande cha nondo nyembamba chenye urefu wa mkono, na vidole vya kufukulia udongo.

"Umepukutisha majani yote"

Angalia kalenda kwanza. Mjakaranda asili yake ni Amerika ya Kusini, na hapa kwetu huvua majani kiangazi, kisha hujifunika maua ya zambarau kwenye Oktoba na Novemba. Kila mwaka kuna mtu anataka kuukata mwezi wa Septemba kwa sababu "umekufa". Mgrevilea nao huangusha majani mengi msimu wa ukame, na mama wa nyumbani anayefagia uwanja ndiye anayejua zaidi.

Halafu kwaruza kijitawi kwa ukucha. Ukikuta kijani chenye unyevu chini ya gome, mti uko hai na unapumzika. Ukikuta kahawia kavu, rudi nyuma kidogo kidogo kuelekea shinani mpaka uone uhai umeishia wapi.

Kuna jambo hapa ambalo hata mafundi wa bustani hulichanganya. Jani kudondoka ni kazi, na kazi hufanywa na aliye hai: mti hujenga utando pale jani liliposhikana na tawi, kisha huliachia. Kwa hiyo tawi lililo tupu halinitishi. Linalonitisha ni lile lenye majani makavu yaliyong'ang'ania, hata ukilitikisa hayatoki. Tawi hilo lilikufa ghafla, halikupata muda wa kujivua. Hali kadhalika mti unaopukutika katikati ya masika, wakati maji yamejaa kila mahali. Hapo soma sehemu inayofuata.

"Unakauka kuanzia juu"

Hili ndilo lalamiko kubwa la Arusha kwa sasa, na nitakaa hapa kwa muda.

Niliitwa na vijana wa kijiwe cha bodaboda upande wa Kijenge. Wana mjakaranda mnene, watu wawili wakiuzungushia mikono hawakutani. Kilele chote kilikuwa vijiti, huku machipukizi yametoka chini shinani kama nywele zilizotimka. "Shikamoo mama. Huu mti umerogwa," akasema mmoja wao, bila utani. Juu ya kichwa chake palikuwa na bango la mganga lililopigiliwa msumari kwenye mti huo huo.

Nikapiga magoti. Mti wenye afya, pale unapoingia ardhini, hutanuka. Shina hufungua kama mguu wa tembo kabla ya kugawanyika mizizi. Sisi huita pale shingo ya mti. Huu haukuwa na shingo. Uliingia chini wima kama nguzo ya umeme, na pevingi zimebanwa mpaka kwenye gome.

"Pevingi ziliwekwa lini?"

"Mwaka juzi, mama. Kabla ya mvua."

"Na huu mstari uliozama kidogo?"

"Walipitisha bomba."

Nikapima kwa miguu. Hatua mbili kutoka shinani.

Watu wengi wanadhani mizizi ni picha ya matawi iliyogeuzwa: juu mita kumi, basi na chini mita kumi. Sivyo. Fikiria kikombe kilichosimama juu ya sinia. Mizizi inayokunywa ni myembamba kama uzi, sehemu kubwa imo katika sentimita 30 hadi 60 za juu za udongo, nayo husambaa kwa upana kupita kivuli cha mti. Mtaro unaopita hatua mbili kutoka shinani umekata upande mzima wa sinia. Pevingi zikashindilia kilichobaki.

Kushindilia ndiko kunakoua kimyakimya, kwa sababu mizizi nayo hupumua. Udongo wetu wa Arusha umetokana na majivu ya mlima Meru, ni mwepesi na una matundu mengi madogo ya hewa na maji. Ndiyo maana ukitupa mbegu ya parachichi jalalani inaota. Ukishapitiwa na mashine ya kushindilia, ukawekewa moramu na vitofali juu, matundu yale yanazibwa. Mvua hupita juu na kukimbilia mtaroni, na mti uliosimama pembeni ya mafuriko unakufa kwa kiu. Kwa nini uanzie juu? Kwa sababu maji ya kilele ndiyo yanayovutwa mbali zaidi. Yakipungua, mti unaachia kule juu kwanza.

Kupima ni rahisi. Siku moja baada ya mvua, sukuma nondo ardhini kwa nguvu ya mkono. Ikizama sentimita 15 bila ugomvi, udongo unapumua. Ikigonga na kurudi, umepata mgonjwa wako. Kama shingo haionekani, fukua kwa vidole mpaka uone mzizi wa kwanza mnene. Nimewahi kufukua mpaka kwenye kiwiko, kote huko kifusi cha ujenzi.

Tiba haiuzwi dukani. Ondoa pevingi mita moja na nusu kuzunguka shina, zaidi kama nafasi ipo. Usitumie jembe, utamalizia mizizi iliyopona. Tumia uma wa bustani na mikono. Rudisha udongo kwenye usawa wake wa zamani ili shingo ionekane. Weka samadi iliyooza, safu nyembamba, kisha matandazo ya sentimita 5 hadi 10: majani makavu, nyasi, maganda ya kahawa ukiyapata. Matandazo yasiguse gome, kwa sababu yanalizibia hewa na kulialika kuvu. Kiangazi mwagilia mara moja kwa wiki, polepole, maji yashuke chini, kuliko kikombe kimoja kila jioni. Mbolea ya chumvichumvi achana nayo mwaka wa kwanza: itausukuma mti uote majani ambayo mizizi yake haiwezi kuyanywesha. Kata matawi makavu tu. Jani la kijani hata liwe baya kiasi gani, ndilo jiko la mti.

Vijana wa Kijenge waling'oa pevingi wenyewe Jumapili moja, wakazipanga zikawa viti. Masika mawili yamepita. Kilele cha zamani hakikurudi, tulikikata, na sasa mti una kichwa kipya chini zaidi, kifupi, kizito kwa majani. Mti mkubwa ukiumia hupunguza nyumba ili uweze kulipa kodi. Msiudai urefu wake wa zamani.

"Upande mmoja tu ndio umekauka"

Mara nyingi mizizi ya upande fulani hulisha matawi ya upande huo huo. Simama chini ya tawi kavu, angalia chini yake, utamkuta mkosaji: mtaro mpya, jiko la mama lishe lililoegemezwa shinani, mahali pa kuchomea taka, au gereji inayomwaga oili chafu. Oili hufunga udongo na kuufanya usukume maji. Mwaga maji hapo uone yanavyojikusanya matone badala ya kuzama. Udongo huo uchimbwe na uondolewe, hakuna namna nyingine.

Kama hakuna kitu chini, tazama juu. Ufa mrefu mbichi ulioshuka kwenye gome baada ya mvua ya ngurumo ni radi.

"Majani yamekuwa ya njano"

Uliza njano ipi. Ikianzia kwenye majani ya zamani, ya chini, na kupanda, mara nyingi ni njaa ya nitrojeni, samadi inatosha. Ikianzia kwenye majani machanga ya ncha, na mishipa ya jani ikabaki kijani kama ramani ya mito, mti umekosa chuma. Hapo msikimbilie kununua chuma. Kwa kawaida chuma kimo udongoni, ila kimefungwa kwa sababu udongo umekuwa na nyongo, yaani alkali imezidi. Mjini alkali hiyo hutoka wapi? Mafundi waliooshea ndoo za saruji chini ya mti. Chokaa ya ukuta. Kifusi cha plasta kilichofukiwa. Ondoa kifusi, weka mboji kwa wingi, na uwe mvumilivu.

Kama mti wote umefifia na udongo unanuka kama yai bovu, ni maji yaliyotuama. Udongo mweusi ule unaopasuka kiangazi ndio wenye tabia hiyo wakati wa masika.

Na neno moja kwa wenye migrevilea, kwa sababu nimeona miche mingi ikiungua: mgrevilea umetoka Australia, kwenye ukoo wa miti iliyozoea udongo maskini wa fosforasi na yenye mizizi maalumu ya kuitafuta. Ukiumwagia DAP kiganja kizima kwa mapenzi, au mbolea ya Minjingu kila ukikumbuka, zote zenye fosforasi nyingi, unaweza kuuletea sumu. Uache ulivyo. Haujawahi kuomba.

"Niliupanda miaka mitatu iliyopita, uko vile vile"

Ushike shina, utikise taratibu. Mti uliopandwa miaka mitatu iliyopita ukicheza pale chini kama jino bovu, mizizi yake haijatoka nje ya shimo. Nimeng'oa kadhaa ya namna hiyo pembeni ya barabara. Mmoja ulikuwa umepandwa kwenye shughuli kubwa, na watu wakapigwa picha. Ulitoka mzima mkononi mwangu na kiriba chake cheusi kikiwa hakijachanwa. Miaka mitatu mti ulikuwa umesimama ndani ya mfuko wa plastiki.

Wengine hutoa kiriba lakini hawaangalii ndani. Mche uliokaa kitaluni muda mrefu huzungusha mizizi kama kamba kwenye ndoo, na ukiupanda hivyo huendelea kuzunguka mpaka siku moja mizizi inalinyonga shina lenyewe. Kabla ya kupanda, chana mzunguko huo kwa kisu mahali pawili patatu. Inatia uchungu, najua, umenunua mche mzuri halafu unaukata. Kata.

Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya kiriba, lakini kina chake kisizidi kina cha kiriba. Watu wetu hupenda shimo refu, mche unazama, shingo inafukiwa, na tumerudi kule kule kwa mjakaranda wa Kijenge. Lita 20 mara mbili kwa wiki kwa miezi ya kwanza ya ukame, palizi ya nyasi mita moja kuzunguka, uzio wa matawi ya miiba dhidi ya mbuzi. Kijiti cha kuuegemeza kitolewe baada ya mwaka, maana mti hunenepesha shina kwa kutikiswa na upepo.

Kila halmashauri nchini ina agizo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Mimi nauza miche, agizo hilo linanilisha. Bado ningependa kuona bajeti ya maji ya mwaka wa pili ikiwa kubwa kuliko bajeti ya fulana za siku ya kupanda.

"Walikuja kukata matawi, sasa umechipua kama ufagio"

Hapa hasira zangu ziko karibu, nitajitahidi.

Mti uliokatwa kichwa una njaa. Umenyang'anywa majani yote kwa siku moja, kwa hiyo unaamsha kila chipukizi lililolala chini ya gome na kurusha fimbo nyingi zilizonyooka. Mwenye nyumba anafurahi, "umechipua vizuri!" Lakini fimbo hizo zimeshikana na mti kwa juujuu tu, hazikukua pamoja na mbao ya ndani kama tawi la asili. Baada ya miaka michache zinanenepa, zinakuwa nzito, huku kisiki zilichokalia kinaoza. Ndipo siku tulivu, hakuna upepo, tawi linaanguka juu ya paa la bajaji. Aliyekata mti ili usiwe hatari ndiye aliyeufanya uwe hatari.

Mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone ndani yake. Alionyesha kwamba mti haufanyi kama ngozi yetu. Hauna uwezo wa kurudisha nyama iliyooza; unachofanya ni kulizungushia jeraha ukuta na kujenga mbao mpya kwa nje. Jeraha la leo litakuwa ndani ya mti huo mpaka siku utakapokufa. Kwa hiyo ukubwa wa jeraha na mahali lilipo ndiyo habari yote.

Tazama pale tawi linapotoka shinani. Utaona kama uvimbe au mikunjo iliyolizunguka, mithili ya ukosi wa shati. Ukosi huo ni mali ya shina, na ndimo ukuta unapojengwa. Kata nje yake kidogo. Ukikata ukosi umebomoa ukuta. Ukiacha kisiki kirefu umeacha mlango wa kuvu. Tawi zito likatwe mara tatu. Kwanza chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, msumeno uingie theluthi tu. Pili juu, mbele kidogo ya pale, tawi lianguke bila kuchana gome. Tatu ndiyo unasafisha kile kipande kwenye ukosi. Panga weka nyumbani. Na usipake rangi wala oili juu ya jeraha. Haisaidii kitu, inafunika unyevu tu.

Kama nyaya za umeme zimeingia matawini, usipande. Piga simu kwa shirika la umeme. Na ukipanda upya chini ya nyaya, panda mpera, mkomamanga, mti unaojua kuinama. Mkaratusi chini ya nyaya ni kesi uliyoifungua mwenyewe.

"Ua wa msaipresi umegeuka kahawia"

Huyu sasa ni mdudu kweli. Fungua matawi katikati ya ua, tazama mahali palipobadilika rangi: vidukari vya kahawia vimekaa makundi kwenye vijitawi, masizi meusi yamepaka majani, na sisimizi wanapanda na kushuka kwa sababu ya utomvu mtamu. Vidukari hivi havikuwa vya kwetu. Vilionekana Malawi mwaka 1986, vikapita Tanzania, na kufika 1990 vilikuwa Kenya, vikiacha misaipresi imekauka mashambani na kwenye nyua. Baadaye wataalamu walileta kijinyigu kidogo kinachotaga ndani ya kidukari, nacho kimesaidia.

Kwenye ua wa nyumbani, kata na kuchoma sehemu iliyoshikwa mapema, punguza msongamano ili hewa ipite, mwagilia kiangazi kwa sababu vidukari hupenda mti wenye kiu. Kupulizia sumu kila wiki kunaua pia wale wanaovila.

Ila niwaambie ukweli, ua huo utarudi kuumwa. Umepanda mti mmoja mara mia nne. Wamarekani walilipia somo hilo: miji yao ilipanda miti ya kivuli iitwayo mielmi barabara baada ya barabara, kuvu inayobebwa na mbawakawa ikaja ikaifyeka. Mwaka 1990 Frank Santamour, mtafiti wa miti wa Washington, akapendekeza kipimo ambacho watunza miti wengi hukitumia mpaka leo: mjini spishi moja, yaani aina moja ya mti, isizidi asilimia 10 ya miti yote, jenasi moja, yaani kundi la spishi ndugu, isizidi 20, familia moja, yaani ukoo wa jenasi kadhaa, isizidi 30. Sasa tembea kwenye barabara zetu za katikati ya mji uhesabu mijakaranda. Naipenda mijakaranda, Oktoba bila ile zambarau si Oktoba ya Arusha. Lakini mteja akija na orodha ya mjakaranda, mgrevilea na mkrismasi, namwongezea mringaringa na msesewe, na mwenye eneo kubwa namshawishi aache nafasi ya mkuyu au ule mtini ambao wazee wa Kimasai huuita oreteti, wasioukata ovyo. Ndege wanaujua kabla yetu.

"Gome limechunwa"

Sukari inayotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome la ndani. Mtu akichuna gome kuzunguka shina lote, majani yatabaki kijani kwa miezi, wewe ukidhani mti umepona, kumbe mizizi inakufa njaa. Mwarobaini wa mtaani hufa hivi: kila jirani anakata kidogo cha dawa mpaka duara linakamilika. Likichunwa chini ya nusu ya mzunguko, mti una nafasi nzuri. Lainisha kingo kwa kisu kikali, uache. Kama bado ni bichi, siku ile ile, rudisha gome mahali pake na ulifunge kwa kitambaa chenye unyevu. Wakati mwingine hushika.

Waya wa kuanikia nguo ni mchunaji wa polepole. Mti hunenepa, waya haunenepi. Ukiona shina limefanya kiuno, waya umo ndani. Ukate mahali unapoonekana, usiuvute kwa nguvu. Kuhusu misumari ya mabango, kila mmoja ni kidonda kidogo. Mjakaranda wa Kijenge ulikuwa nayo 31, niliihesabu nikisubiri chai.

"Unainama, na kuna uyoga chini"

Kuinama kwa zamani si tatizo. Mti uliolelewa umeinama hujikaza na ncha yake hurudi kutazama juu. Kuinama kupya ndiko hatari. Nenda upande wa mgongo wa mti, angalia kama udongo umepasuka au umenyanyuka kama mkate. Ukiona hivyo baada ya mvua nzito, ondoa watoto, ondoa magari, na umuite mtaalamu siku hiyo hiyo. Mvua za Aprili 2024 zililoweka ardhi kiasi kwamba miti mizima iliyokuwa imekatwa mizizi ilijilaza yenyewe.

Uyoga mgumu uliojibandika shinani kama rafu, kahawia juu na mweupe chini, maana yake ndani kuna kuoza na kumeanza zamani. Gonga kwa nyundo ya mbao ukizunguka shina. Mlio mkavu ni mbao, mlio wa ngoma ni uwazi. Lakini uwazi peke yake si hukumu ya kifo. Bomba ni tupu na linasimama. Wakaguzi wa miti hutazama unene wa ukuta mzima uliobaki: ukiwa angalau theluthi moja ya nusu kipenyo cha shina, na hakuna ufa, mti unaweza kukaa miaka mingi. Ukuta ukiwa mwembamba kuliko huo na chini yake kuna shule au soko, sina huruma ya kijinga, uondolewe. Anza na ofisi ya mtendaji wa kata wakuelekeze kwenye kibali, kwa sababu kukata mti mjini bila kibali kutakugharimu.

"Mizizi inapasua ukuta na bomba"

Bomba kwanza: mzizi hauna meno ya kutoboa bomba zima. Unafuata unyevu wa bomba linalovuja, unapenya kwenye ufa uliokuwepo. Tengeneza bomba. Ukuta, angalia msingi wake kabla ya kulaumu mti. Kwenye udongo mweusi ufa hutokea hata pasipo na mti hata mmoja. Usikate mzizi mnene ulio karibu na shina ili kuokoa ukuta wa tofali sita, mti utakuja kuulalia ukuta wote.

"Kuna majani ya mti mwingine juu ya mti wangu"

Kirukia. Ndege hula tunda lake, mbegu inanata kama gundi kwenye tawi, inaingiza mzizi na kunyonya. Kukwanyua majani yake ni kazi bure. Kata tawi zima, kama sentimita 30 chini ya pale kilipoingia, kabla hakijazaa.

Kabla hujanipigia

Nitumie picha nne. Mti wote ukiwa umesimama mbali. Pale shina linapoingia ardhini, na weka kiatu pembeni nione ukubwa. Jani moja juu na chini. Ya nne iwe ya ardhi kuuzunguka, hatua kumi kila upande, hata kama unaona hapana kitu. Halafu nirekodie sauti unieleze tangu mwaka juzi nani alijenga, nani alichimba, nani alimwaga nini. Kama hujui, waulize vijana wa bodaboda. Wao huwa wamekaa pale siku nzima.